Kabla ya kufomati kompyuta: Hifadhi barua pepe na anwani kwanza

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10, mfumo ambao bado unaendesha kompyuta nyingi za nyumbani. Tangu hapo baadhi ya wakazi wamehamia Windows 11, wengine wamenunua mashine nyingine, na wengine wameendelea na waliyo nayo. Wapo pia ambao hawana habari na tarehe hiyo. Kompyuta yao imekuwa nzito tu, imeingiwa na virusi au imekataa kuwaka vizuri, na fundi ametoa jibu lake la kawaida: tuifomati.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Hasara hutokana na kile kilichosahaulika kabla ya kazi kuanza. Picha za harusi hukumbukwa, na barua za Word hunakiliwa kwenye flashi. Barua pepe na anwani za watu ndizo huachwa nyuma, kwa sababu hazionekani kama faili kwenye uso wa skrini. Ziko ndani ya programu, na programu ikifutwa zinaweza kwenda nayo.

Somo hili linaeleza jinsi ya kujua barua zako ziko wapi hasa, jinsi ya kuzinakili pamoja na anwani, na jinsi ya kuhakikisha kwamba nakala hiyo inafunguka kabla ya chochote kufutwa.

Kinachoweza kupotea

Kwa mkazi wa leo, sanduku la barua pepe ni kabati la stakabadhi. Akaunti ya iTax ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) imefungamana na anwani ya barua pepe iliyosajiliwa, na mlipa ushuru anayesahau nywila hutumiwa maelekezo kupitia anwani hiyo. Mtandao wa eCitizen, ambao kufikia mwaka 2023 ulikuwa na huduma zaidi ya 5,000, nao huomba anwani ya barua pepe wakati wa kujisajili. Cheti cha PIN, risiti za malipo, barua ya mwito wa chuo, majibu ya maombi ya kazi na mawasiliano na wakili kuhusu shamba, vyote hupitia humo.

Kwa vikundi, uzito huongezeka. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba zabuni chini ya mpango wa AGPO, unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa ajili yao. Kukitokea mzozo kuhusu tarehe ya kutuma maombi au bei iliyokubaliwa, barua pepe ndiyo ushahidi wa kwanza.

Chukua mfano wa katibu wa kikundi cha akiba chenye wanachama 60. Majina, nambari za simu na anwani za wote ziko kwenye kompyuta ya nyumbani kwake, pamoja na kumbukumbu za mikutano alizowatumia kwa miaka kadhaa. Kompyuta hiyo ikifomatiwa bila nakala, hasara si ya katibu peke yake. Wanachama 60 wamepoteza kumbukumbu zao, na wengi hawatajua hadi siku watakapozihitaji.

Kurejesha kompyuta kuna aina nne

Neno kurejesha hutumiwa kwa kazi tofauti. Kabla ya kukubali, mwenye kompyuta amuulize fundi ni ipi anayokusudia kufanya.

Ya kwanza ni kurudisha mfumo nyuma hadi tarehe fulani, kazi ambayo Windows huiita System Restore. Hii haigusi barua wala picha zilizohififadhiwa kama faili za kawaida, lakini huondoa programu zilizowekwa baada ya tarehe hiyo.

Ya pili ni Reset kwa kuchagua «Keep my files». Faili zilizo katika folda za kawaida kama Documents na Pictures hubaki. Hata hivyo programu alizoweka mwenyewe huondolewa, pamoja na mipangilio yake. Hapa ndipo wengi hunaswa. Wakisoma kwamba faili zitabaki, wao huamini kwamba na barua pepe zitabaki. Baadhi ya programu huhifadhi barua katika folda iliyofichwa iitwayo AppData, ambayo haihesabiwi pamoja na faili za kawaida za mtumiaji. Haifai kuitegemea kwamba itasalimika.

Ya tatu ni Reset kwa kuchagua «Remove everything». Jina lenyewe linaeleza: kila kitu cha mtumiaji kinaondoka.

Ya nne ndiyo ile inayoitwa kufomati mitaani. Fundi hufuta sehemu ya diski yenye Windows na kuweka mfumo mpya kutoka kwenye flashi. Kwa kawaida sehemu hiyo ni ile inayoitwa C, na ndimo barua huwekwa isipokuwa kama mwenyewe alizihamisha.

Ushauri ni mmoja kwa aina zote nne: nakala itolewe kwanza, kana kwamba kila kitu kitafutwa.

Barua ziko wapi hasa?

Swali hili ndilo la msingi katika somo lote. Barua mbili zinazofanana kwenye skrini zinaweza kuwa zimehifadhiwa mahali tofauti kabisa. Kuna hali tatu.

Katika hali ya kwanza, mtu husoma barua kupitia kivinjari kama Chrome au Firefox, kwa kuingia kwenye tovuti ya Gmail, Yahoo au Outlook. Barua zake ziko kwenye seva za kampuni hiyo. Kompyuta ni dirisha tu la kuzitazamia, na kufomati hakutazigusa. Kinachoweza kumpata ni kufungiwa nje, kwa sababu kivinjari ndicho kilichokuwa kikimkumbukia nywila.

Katika hali ya pili, mtu hutumia programu kama Outlook au Thunderbird iliyounganishwa na akaunti kwa njia ya IMAP. Barua ziko kwenye seva, na kompyuta hubeba nakala yake. Baada ya kurejesha, zitashuka tena. Lakini barua alizozihamishia kwenye folda za ndani ya kompyuta, ambazo Thunderbird huziita Local Folders, ziko kwenye kompyuta hiyo tu.

Katika hali ya tatu, programu imeunganishwa kwa njia ya POP3. Njia hii ya zamani ilibuniwa ili kuchukua barua kutoka kwa seva na kuziteremsha kwenye kompyuta, na kutegemea mipangilio yake, seva inaweza kubaki bila kitu. Bado hupatikana kwenye akaunti za biashara ndogo zenye jina lao la tovuti, na kwenye akaunti zilizofunguliwa miaka mingi iliyopita. Hapo kompyuta ya nyumbani ndiyo yenye barua, na hakuna nyingine popote.

Ni rahisi kujua hali ipi inakuhusu bila kusoma mipangilio yoyote. Mwenye akaunti achukue simu, au aende kwenye kompyuta nyingine, aingie kwenye akaunti yake kupitia kivinjari. Kisha atafute vitu viwili: barua ya zamani kuliko zote anayoiona kwenye kompyuta ya nyumbani, na barua mojawapo aliyoituma yeye mwenyewe mwaka uliopita. Zote mbili zikipatikana, barua zake ziko kwenye seva. Mojawapo ikikosekana, basi kuna barua ambazo ziko kwenye kompyuta hiyo peke yake.

Barua iliyotumwa ni muhimu katika jaribio hili. Wanaotumia POP3 mara nyingi hukuta kwamba barua walizopokea bado ziko kwenye seva, lakini zile walizotuma hazipo. Programu ilizihifadhi kwenye kompyuta tu. Na barua alizotuma mtu ndizo zenye ahadi zake, bei alizotaja na maombi aliyowasilisha.

Kunakili barua

Anayetumia Outlook ile ya kawaida inayokuja pamoja na Word na Excel afungue «File», kisha «Open & Export», kisha «Import/Export». Achague «Export to a file», halafu «Outlook Data File (.pst)». Kwenye orodha ya folda, achague jina la akaunti lililo juu kabisa na kuweka alama kwenye «Include subfolders», ili folda zote ndogo ziingie. Asipofanya hivyo atabeba folda moja tu na kudhani amebeba zote. Mwisho achague mahali pa kuweka faili: flashi au diski ya nje.

Ndani ya kompyuta huenda akakuta faili nyingine yenye mwisho wa .ost. Hiyo ni nakala ya kazi ambayo Outlook hujitengenezea, nayo imefungamana na akaunti iliyoiunda. Kuibeba kwenye flashi hakutoshi, kwa kuwa haitarajiwi kufunguka kwenye mashine nyingine. Faili ya kubeba ni ile ya .pst.

Anayetumia Thunderbird afungue menyu ya «Help», kisha «Troubleshooting Information», atafute mstari wa «Profile Folder» na kubonyeza kitufe cha kufungua folda hiyo. Baada ya kuona ilipo, afunge Thunderbird kabisa, kisha anakili folda nzima bila kuchagua kipande. Ndani yake mna barua, anwani, mipangilio na nywila zilizohifadhiwa. Programu hiyo pia ina njia ya kutoa nakala kupitia «Tools» na «Export», lakini hiyo haifai kwa akaunti inayozidi GB 2.

Mwenye Gmail ambaye barua zake ziko kwenye seva halazimiki kuzinakili kabla ya kufomati. Akitaka nakala yake mwenyewe, huduma ya Google Takeout humwandalia faili ya kupakua. Aangalie bando kwanza. Akaunti ya bure ina nafasi ya GB 15 inayogawanywa kati ya Gmail, Drive na Photos, kwa hiyo faili inaweza kuwa kubwa. Aweke alama kwenye Mail na Contacts pekee, ili picha zisiingie.

Tatizo moja hujitokeza mara kwa mara wakati wa kunakili. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimeandaliwa kwa mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja inayozidi GB 4. Flashi ya GB 64 iliyo tupu itaikataa faili ya barua yenye GB 5, na ujumbe utakaoonekana utasema kwamba faili ni kubwa mno. Dawa ni kuiandaa flashi upya kwa mpangilio wa exFAT au NTFS. Kitendo hicho hufuta kila kitu kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo ihakikishwe kwamba haina kitu kinachohitajika.

Anwani za watu zina njia yake

Kunakili barua si kunakili anwani. Anwani za watu zinaweza kuwa mahali patatu: kwenye akaunti ya mtandaoni, kwenye kitabu cha anwani ndani ya programu ya kompyuta, au kwenye simu na laini yake. Wengi wana sehemu hapa na sehemu pale.

Kuna orodha nyingine inayodanganya macho. Mtu anapoanza kuandika herufi mbili za jina, programu humkamilishia anwani yote. Yeye hudhani kwamba jina hilo liko kwenye anwani zake, kumbe programu imekumbuka tu kwamba aliwahi kumwandikia. Outlook huiweka orodha hiyo mbali na kitabu cha anwani, na huenda isirudi baada ya kufomati. Gmail nayo huwaweka watu wa aina hiyo katika kundi lao, linaloitwa «Other contacts». Kwa hiyo kabla ya kunakili, mwenye akaunti apitie majina anayoyategemea na kuyaongeza rasmi kwenye anwani zake.

Kwa Gmail, afungue tovuti ya contacts.google.com na kuchagua «Export». Ataulizwa aina ya faili. Google CSV ni jedwali linaloweza kurudishwa baadaye kwenye akaunti ya Google. vCard ni aina inayokubaliwa na simu nyingi, ikiwemo iPhone. Faili zote mbili ni ndogo, kwa hiyo ni vyema kuchukua zote. Kwa Outlook, afuate njia ile ile ya «Import/Export», ila achague faili ya CSV na folda ya Contacts. Kwa Thunderbird, afungue kitabu cha anwani na kutumia «Export» iliyo ndani yake.

Baada ya kutoa faili ya CSV, pana mtego unaowahusu hasa watumiaji wa Kenya. Faili hiyo ikibonyezwa hufunguka kwenye Excel, na Excel huzichukulia nambari za simu kama hesabu. Nambari inayoanza na 07 au 01 hupoteza sifuri ya mbele, na ile inayoanza na +254 hupoteza alama ya kujumlisha. Akiangalia tu na kufunga bila kuhifadhi, hakuna kilichoharibika. Akibonyeza kuhifadhi, nambari zote zimebadilika ndani ya faili. Faili asili iachwe kama ilivyotoka. Anayetaka kusoma au kupanga atengeneze nakala nyingine na kuifanyia kazi hiyo.

Katibu wa kikundi anashauriwa pia kuchapisha orodha ya wanachama kwenye karatasi na kuiweka pamoja na daftari la mikutano. Karatasi haihitaji umeme wala nywila.

Funguo za kurudi ndani

Nakala ya barua haisaidii sana ikiwa mwenyewe amefungiwa nje ya akaunti. Kabla ya kufomati, ahakikishe mambo manne.

Kwanza, nywila ya akaunti anaijua kichwani au ameiandika mahali salama. Jaribio lake ni kuingia kutoka kwenye simu au kompyuta nyingine kwa kuiandika mwenyewe.

Pili, nambari ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kupokea msimbo ni ile anayoitumia sasa. Laini iliyoachwa bila kutumiwa kwa muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine, na msimbo ukatua kwenye simu ya mtu asiyemjua.

Tatu, ikiwa akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili, awe na misimbo ya akiba. Google hutoa misimbo 10 yenye tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta.

Nne, kwa kompyuta za kisasa zaidi, diski inaweza kuwa imefungwa kwa BitLocker. Wakati wa matengenezo mashine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Autafute mapema, kompyuta ikiwa bado inafunguka.

Nakala iwekwe wapi, na ikaguliwe vipi

Baadhi ya mafundi huhamisha faili kutoka sehemu ya C hadi sehemu ya D kabla ya kufomati. Njia hiyo hufanya kazi iwapo hakuna kitakachokwenda mrama. Lakini C na D huwa ni vyumba viwili vya diski moja. Diski ikifa, au fundi akikosea na kufuta sehemu zote, vyote vimeondoka pamoja. Nakala lazima iwe kwenye kifaa kinachoweza kuchomolewa.

Wataalamu hupendekeza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikiwa mahali pengine. Kwa nyumba ya kawaida hiyo ina maana ya nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi au diski ya nje, na moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeaminika. Kompyuta inapofomatiwa ile ya kwanza inatoweka, na hubaki mbili.

Ukaguzi ufanywe kwenye kompyuta nyingine. Flashi ichomekwe, faili ifunguliwe kwa programu ile ile, na zisomwe barua tatu: ya zamani kabisa, ya wiki hii, na moja yenye kiambatisho. Kiambatisho chenyewe kifunguliwe. Kisha idadi ya anwani ilinganishwe. Kama kompyuta ya nyumbani ilikuwa na anwani 212, faili iwe na 212. Ikiwa zimepatikana 40, folda moja imeachwa, na bado kuna muda wa kuirudia.

Ukaguzi huu huchukua takriban nusu saa. Ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo pekee inayoonyesha kwamba nakala ipo kweli.

Fundi na siri za watu

Barua na anwani zina habari za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawataka wanaokusanya na kuhifadhi taarifa binafsi za watu kuzilinda. Kikundi kinachoshika majina, nambari za simu na nambari za vitambulisho vya wanachama kinapaswa kulijua hilo kabla ya kukabidhi kompyuta kwa mtu mwingine.

Mwenye kompyuta atoe nakala mwenyewe akiweza. Asipoweza, akae karibu na fundi wakati kazi hiyo inafanywa, na nakala iwekwe kwenye flashi yake, si ya fundi. Fundi hahitaji nywila ya barua pepe ili kufomati kompyuta. Akiiomba, aulizwe ni ya kazi gani. Kama faili zilipitia kwenye mashine ya fundi, zifutwe pale pale mwenyewe akiona. Diski ya zamani ikibadilishwa, irudishwe kwa mwenyewe.

Anayekagua nakala yake kwenye saiba ahakikishe ametoka kwenye akaunti zote, amefuta faili alizoziacha kwenye mashine hiyo, na amechomoa flashi yake kabla ya kuondoka.

Baada ya kompyuta kurudi

Kazi ya kurudisha ifuate utaratibu. Mfumo usasishwe kwanza, kisha programu ya barua iwekwe, kisha akaunti iunganishwe. Aliyekuwa akitumia POP3 aangalie kama akaunti yake inakubali IMAP. Ikikubali, ahamie huko, ili siku nyingine barua zisiwe kwenye mashine moja tu. Isipokubali, aweke alama kwenye mpangilio wa kuacha nakala ya barua kwenye seva.

Nakala ya zamani irudishwe baada ya akaunti kuunganishwa. Baadhi ya barua na anwani zinaweza kuonekana mara mbili. Asizifute kwa haraka. Google Contacts ina zana ya kuunganisha majina yanayojirudia, na pia humwezesha mtumiaji kurudisha orodha yake jinsi ilivyokuwa wakati wowote ndani ya siku 30 zilizopita.

Flashi yenye nakala isitumiwe kwa kazi nyingine kwa angalau mwezi mmoja. Kuna vitu ambavyo mtu hatambui kwamba vimekosekana hadi tarehe yake ifike: marejesho ya ushuru, ada ya muhula au mkutano mkuu wa mwaka.

Kama kompyuta imeshafutwa

Anayesoma haya akiwa amechelewa bado ana la kufanya. Kompyuta izimwe na isitumiwe. Kila faili mpya inayowekwa inaweza kukalia mahali ambapo faili ya zamani ilikuwa. Fundi wa kurejesha data ana nafasi nzuri zaidi kwenye diski za kuzunguka za zamani kuliko kwenye diski za SSD, ambazo huondoa kabisa data iliyofutwa ili kujiandaa kwa nyingine.

Wakati huo huo, akaunti ifunguliwe kupitia kivinjari ili kuona kilichosalia kwenye seva. Simu ya mwenyewe ikaguliwe, pamoja na ya jamaa yeyote aliyewahi kutumia akaunti hiyo. Watu waliopokea barua muhimu waombwe kuzituma tena, kwa kuwa kila barua iliyotumwa ina nakala upande wa pili.

Orodha ya kukagua kabla ya kumpa fundi idhini

1. Aina ya urejeshaji inajulikana.
2. Barua ya zamani na barua iliyotumwa zimetafutwa kwenye akaunti kupitia kifaa kingine.
3. Barua zilizo kwenye kompyuta pekee zimenakiliwa, folda ndogo zikiwemo.
4. Anwani zimetolewa kwa CSV na vCard, na faili asili haijahifadhiwa upya kwa Excel.
5. Nywila, nambari ya simu, misimbo ya akiba na ufunguo wa BitLocker vimethibitishwa.
6. Nakala iko kwenye kifaa kinachochomoka, na nyingine iko mahali pengine.
7. Nakala imefunguliwa kwenye kompyuta nyingine, na idadi ya anwani imelingana.

Kazi yote hii inaweza kumalizika kwa alasiri moja. Mkazi ambaye orodha yake ina pengo hata moja amwombe fundi asubiri hadi kesho.